Derby County 2007-08: Ushindi mmoja, pointi 11, na msimu uliopotea mara mbili

Jumamosi ya Machi 29, 2008, Derby County walitoka sare ya 2-2 na Fulham kwenye uwanja wao wa Pride Park. Hiyo ilikuwa pointi yao ya 11. Matokeo ya viwanja vingine yalipoingia jioni ile, hesabu zikagoma. Zilibaki mechi sita, na hata wangezishinda zote wangeishia pointi 29. Wakawa wameshuka daraja, na Machi hata haijaisha. Tangu Ligi Kuu ya Uingereza ianze mwaka 1992, hakuna timu iliyokuwa imewahi kushuka mapema namna hiyo.

Zile mechi sita nazo wakapoteza zote. Jedwali la mwisho linasomeka hivi: michezo 38, ushindi 1, sare 8, vipigo 29, mabao ya kufunga 20, ya kufungwa 89. Katika mechi 22 hawakutikisa nyavu kabisa.

Kila timu inapoanza ligi vibaya, msimu huu huchomolewa kuwa kipimo: je, hawa watawafikia Derby? Kisha habari inaishia kwenye namba, kana kwamba wachezaji wale waliokotwa njiani wakavalishwa jezi nyeupe. Mimi naona wanaonewa. Wengi wao walikuwa wameshinda mechi 25 za Championship, yaani daraja la pili, mwaka mmoja tu kabla. Ukiupitia msimu mechi kwa mechi unakuta ulipotea mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya siku 75 kati ya fainali ya Wembley iliyowapandisha daraja na mechi ya ufunguzi. Mara ya pili ni Januari, timu ilipovunjwavunjwa ikiwa bado inapumua.

Walipanda kabla ya wakati

Derby si klabu ndogo. Ni mabingwa wa Uingereza wa mwaka 1972, chini ya Brian Clough, na tena 1975. Lakini walishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2002 na kuingia kwenye madeni, na msimu wa 2005-06 walimaliza nafasi ya 20 katika Championship, jirani kabisa na mstari wa kuelekea daraja la tatu. Mwaka 2006 kundi la wawekezaji likiongozwa na Peter Gadsby likashika klabu na kumleta kocha Mskoti, Billy Davies, kutoka Preston. Kilichozungumzwa ni mpango wa miaka mitatu wa kurudi Ligi Kuu. Davies aliukamilisha kwa mwaka mmoja.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu dalili zote zilikuwepo kwenye mafanikio yenyewe. Msimu wa 2006-07 Derby walimaliza wa tatu kwa pointi 84, wakiwa wamefunga mabao 62 na kufungwa 46. Timu iliyoshinda mechi 25 ikabaki na tofauti ya mabao 16 tu ni timu ya ushindi mwembamba. West Bromwich Albion waliomaliza chini yao, nafasi ya nne, walikuwa na mabao 81. Derby walikuwa wanapata bao, wanarudi nyuma, wanafunga mlango. Ni ufundi halali na unahitaji nidhamu kubwa, ila unategemea jambo moja: kwamba ukishafunga mlango, aliye nje hana nguvu ya kuuvunja. Katika Championship wengi hawakuwa nayo. Ligi Kuu kulikuwa na Torres, Ronaldo, Adebayor na Lampard.

Hata mchujo wenyewe, ule wa kuwania nafasi ya mwisho ya kupanda, waliupita kwa tundu la sindano. Nusu fainali na Southampton iliisha 4-4 kwa mechi mbili, ikaenda kwenye penalti, na aliyekosa mkwaju wa mwisho upande wa Southampton ni Iñigo Idiakez, kiungo ambaye alikuwa mchezaji wa Derby hapo awali. Mei 28, 2007, wakaenda Wembley kukutana na West Brom. Dakika ya 61 Giles Barnes akapenyeza krosi ya chini kutoka kulia, na Stephen Pearson, aliyesajiliwa Januari kutoka Celtic na hajafunga hata bao moja kwa Derby, akaumalizia wavuni. 1-0. Magazeti yaliiita mechi ile mechi ya pauni milioni 60, kwa hesabu ya fedha za televisheni ambazo mshindi angezipata.

Siku 75

Kuanzia siku ile hadi Agosti 11, siku ya mechi ya kwanza na Portsmouth, zilikuwa siku 75. Sunderland na Birmingham, waliopanda moja kwa moja, walikuwa wameshajua hatima yao wiki kadhaa kabla. Anayepanda kwa mchujo huanza usajili amechelewa, hilo halikwepeki. Lakini angalia Derby walivyotumia muda waliokuwa nao.

Mchezaji ghali kuliko wote alikuwa mshambuliaji Robert Earnshaw, aliyenunuliwa kutoka Norwich kwa pauni milioni 3.5, ada ambayo ilikuwa rekodi ya klabu. Norwich walikuwa timu ya Championship. Beki wa kati Claude Davis aligharimu pauni milioni 3, akitokea Sheffield United ambao walikuwa wametoka kushuka daraja Mei ileile. Winga Eddie Lewis alitoka Leeds, nao walikuwa wameshuka kwenda daraja la tatu. Kiungo Mmarekani Benny Feilhaber alitoka Hamburg na hakupata nafasi ya kueleweka. Kenny Miller, mshambuliaji ambaye pengine ndiye walikuwa wanamhitaji kuliko wote, aliwasili kutoka Celtic mwisho kabisa wa Agosti, ligi ikiwa imeshaanza na mechi zimeshapotea.

Sunderland chini ya Roy Keane walimlipia kipa mmoja, Craig Gordon, pauni milioni 9. Sisemi fedha pekee ndiyo dawa, maana Birmingham nao walitumia na bado wakashuka. Ninachosema ni kwamba Sunderland walinunua wakiijua ligi wanayoingia, na Derby walinunua kana kwamba wanajiimarisha kwa ligi waliyotoka. Sunderland wakamaliza nafasi ya 15 na pointi 39.

Hapa lawama naiweka kwa uongozi kabla ya kocha. Klabu iliyopanga kupanda mwaka wa tatu haikuwa na orodha ya wachezaji wa Ligi Kuu mwaka wa kwanza, na haikuwa na nia ya kurudi kwenye madeni yaliyoiumiza miaka michache nyuma. Tahadhari hiyo naielewa vizuri kabisa. Lakini ukishaamua kutokufuata bei ya soko, unapaswa pia kumwambia kocha na mashabiki kwamba msimu huu ni wa kujenga, mkishuka mtashuka na timu changa yenye kesho. Derby hawakufanya hilo wala lile. Walinunua watu wa makamo kwa bei ya kati, wakategemea moyo wa Wembley uwafikishe.

Mwezi wa kwanza

Portsmouth 2-2. Nahodha Matt Oakley alifunga mapema, Andy Todd akasawazisha dakika za lala salama, na Pride Park ikaimba kama vile Wembley haijaisha. Kisha Manchester City wakawafunga 1-0, Tottenham 4-0, Birmingham wakaja kuchukua pointi zote kwa 2-1. Septemba 1 wakaenda Anfield na kubugizwa 6-0, Torres mawili, Xabi Alonso mawili. Kufikia hapo mashimo yote yalikuwa wazi. Mabeki wa kati walikuwa wazito. Wakisimama juu, mpira unapigwa nyuma yao. Wakirudi kwenye boksi lao, viungo wanabaki na bahari ya kuziba peke yao.

Halafu ikaja Jumatatu ya Septemba 17, usiku, Newcastle United wakiwa wageni. Miller ndiyo kwanza anaichezea Derby mechi yake ya kwanza. Kabla ya mapumziko mpira mrefu ukamfikia akiwa mbali na lango, ukadunda, na badala ya kuutuliza akaupiga uleule ukiwa hewani. Ukapanda, kisha ukashuka ghafla nyuma ya kipa. Ni bao ambalo mchezaji akilijaribu mara kumi mazoezini, nane zinaenda jukwaani. Wakalilinda hadi mwisho, kwa namna ileile ya mwaka uliotangulia: bao moja, mlango umefungwa. Uwanja mzima ulisimama.

Nimeirudia mechi ile mara nyingi, na kila mara naona kitu kilekile. Walijua kucheza. Walipopata bao la kuongoza, walijua la kufanya nalo. Tatizo ni kwamba walikuwa hawana njia ya kulipata hilo bao, wala njia ya kurudi mchezoni wakitangulia kufungwa wao.

Siku tano baadaye Arsenal wakawachapa 5-0, Emmanuel Adebayor akipiga hat triki, yaani mabao matatu peke yake. Mwezi uleule kampuni moja ya kubashiri ikawalipa wateja wake waliokuwa wameweka fedha kwamba Derby watashuka. Ilikuwa Septemba, na wachezaji wale walikuwa na miezi minane mbele yao ya kuamka kila asubuhi kwenda mazoezini wakijua jambo hilo.

Viti vikaanza kubadilishwa

Oktoba, Gadsby akaachia uenyekiti. Akaingia Adam Pearson, aliyekuwa ameiuza Hull City miezi michache tu kabla. Kocha aliyeajiriwa na mwenyekiti mmoja sasa akawa chini ya mwingine, ligi ikiwa katikati. Novemba 10 West Ham wakaja Pride Park na kushinda 5-0. Novemba 24 Chelsea wakashinda 2-0. Siku mbili baadaye Davies na klabu wakaachana kwa makubaliano, na ndani ya siku mbili nyingine Paul Jewell akawa ameshakaa kwenye kiti.

Davies aliacha pointi 6 katika mechi 14, mabao matano ya kufunga na 33 ya kufungwa. Huwezi kuzitetea namba hizo. Lakini nikimpima kwa kikosi alichopewa siamini kama kuna kocha angemaliza na zaidi ya pointi kumi kwenye mechi zilezile. Kosa lake kubwa ni usajili wa mabeki, na hapo alishirikiana na waliomsainia hundi.

Jewell hakuwa chaguo baya. Aliwahi kuibakisha Bradford Ligi Kuu mwaka 2000 siku ya mwisho ya msimu, akaipandisha Wigan mwaka 2005, akaibakisha nayo siku ya mwisho mwaka 2007. Kama kuna mtu aliyejua kuokoa jahazi ni yeye. Na mwanzo wake, ukiutazama kwa ukaribu, ndiyo sehemu ya msimu inayoniuma kuliko zote.

Desemba ya dakika za mwisho

Watu hukumbuka vile vipigo vya mabao sita na matano. Husahau kwamba kati ya vipigo 29, vipigo 13 vilikuwa vya tofauti ya bao moja. Na vingi vya hivyo vimerundikana kati ya Desemba 1 na Januari 12.

Mechi ya kwanza ya Jewell ilikuwa ugenini kwa Sunderland. Dakika 90 zimekwisha, ni suluhu, Anthony Stokes akafunga. Wakapoteza kwa Manchester United 4-1, kisha wakafungwa 1-0 na Middlesbrough pale Pride Park. Desemba 23 wakaenda Newcastle na kuongoza mara mbili, Barnes kwanza, kisha Miller. Mara zote mbili Mark Viduka akasawazisha, la pili zikiwa zimebaki dakika chache. Desemba 26 Liverpool wakaja Pride Park. Torres akafunga mapema, beki Jay McEveley akasawazisha kipindi cha pili, na kwa muda Derby walicheza mpira wa watu wasioogopa. Dakika ya 90, Steven Gerrard. 2-1. Desemba 30 Blackburn wakashinda 2-1. Januari 2 huko Bolton, suluhu hadi dakika za nyongeza, akatokea Mgiriki Stelios Giannakopoulos: 1-0. Januari 12 Wigan wakashinda 1-0 Pride Park.

Ni mechi nane, na sita kati yake wamepoteza kwa bao moja. Ondoa mabao manne tu ya dakika za mwisho, la Stokes, la pili la Viduka, la Gerrard na la Stelios, na Derby wanaongeza pointi tano. Hazingewaokoa. Lakini zingekaribia kuzidisha mara mbili walichokuwa nacho, na muhimu zaidi, zingewapa wachezaji sababu ya kuamini mazoezi ya kocha mpya.

Kwa nini timu hufungwa dakika ya 90 mfululizo hivyo? Wengi husema bahati mbaya. Bahati mbaya hutokea mara moja. Timu isiyoweza kukaa na mpira hukimbia zaidi ya mpinzani mechi nzima, na bili ya mbio hizo huletwa dakika kumi za mwisho. Kila mpira unaoondoshwa unarudi. Beki anaupiga kichwa, kiungo hayupo wa kuuokota, unarudi. Anaupiga tena, unarudi. Mwisho anachelewa hatua moja, na hatua hiyo mchezaji kama Gerrard haikosi. Halafu kuna akili. Timu iliyoumizwa mara mbili dakika za mwisho, mara ya tatu inaanza kurudi nyuma dakika ya 75 bila kuambiwa na mtu. Ukirudi nyuma unakaribisha kilekile unachokiogopa.

Hata hivyo ile Desemba ndiyo timu bora ya Derby tuliyoiona msimu huo. Ilikuwa na muundo, ilikuwa inapambana, na ilikuwa na watu waliopanda pamoja. Ilihitaji kuongezwa nguvu mahali pawili au patatu.

Dirisha dogo

Januari 2008 klabu ikauzwa tena. Safari hii waliochukua ni kampuni ya Kimarekani, General Sports and Entertainment. Katika msimu mmoja Derby wakawa wamepitia mikono mitatu ya uongozi na makocha wawili. Na dirisha dogo la usajili la Januari lilipofunguliwa, kikosi kikageuzwa juu chini.

Walioingia: kipa Roy Carroll, beki mkongwe Alan Stubbs kutoka Everton, kiungo Robbie Savage kutoka Blackburn kwa pauni milioni 1.5, winga Mfaransa Laurent Robert, Mwaustralia Mile Sterjovski, mshambuliaji Muargentina Emanuel Villa kutoka Mexico, na kwa mkopo kiungo Mmisri Hossam Ghaly na beki Danny Mills. Walioondoka: nahodha Oakley na mshambuliaji Steve Howard, wote wawili kwenda Leicester.

Soma tena majina hayo mawili ya mwisho. Howard ndiye alikuwa mfungaji bora wa timu iliyopanda. Oakley ndiye aliyeivalia kitambaa. Nakubali hawakuwa na kasi ya Ligi Kuu, na nakubali klabu inayokwenda kushuka ina haki ya kuanza kuuza. Lakini chumba cha kubadilishia nguo kina watu wanaokishikilia, na ukiwatoa hao mwezi uleule unapoingiza wageni wanane, huna timu tena. Una watu waliokutana. Savage akapewa unahodha wa timu ambayo hajaijua hata majina. Mills aliumia mapema na mkopo wake ukawa umeishia hapo. Robert alicheza mechi nne tu, akavunja mkataba na kwenda Toronto kabla hata msimu haujaisha.

Kama ni kujenga kwa ajili ya Championship, umri wa waliosajiliwa haukuonyesha hivyo. Stubbs alikuwa na miaka 36, Savage 33, Robert 32. Kama ni kujiokoa, hesabu zilikuwa zimeshapita. Usajili ule haukuwa na jibu kwa swali la msingi kabisa: tunasajili kwa ajili ya nini? Ndiyo maana nasema msimu ulipotea mara ya pili. Agosti walipoteza nafasi ya kubaki. Januari walipoteza nafasi ya kushuka wakiwa na timu.

Wakati huohuo walitolewa Kombe la FA na Preston, timu ya daraja la chini yao, kwa kufungwa 4-1 nyumbani.

Mechi za lala salama

Januari 19 Benjani Mwaruwari wa Portsmouth aliwafunga hat triki. Sare zikaja mbili mfululizo, na Manchester City na Birmingham, kila moja 1-1, kisha suluhu na Sunderland Machi 1. Machi 12 wakaenda Stamford Bridge: 6-1, Frank Lampard akifunga manne peke yake. Siku tatu baadaye wakawazuia Manchester United, waliokuwa njiani kuchukua ubingwa wa England na wa Ulaya, hadi kipindi cha pili kilipokwenda mbali ndipo Cristiano Ronaldo akapata bao pekee. Mkanganyiko huo ni wa kweli na unaeleza mengi: kundi lilelile, wiki ileile, sita na moja. Mpinzani akikawia kufunga waliweza kusimama naye. La kwanza likiingia mapema walikuwa hawana pa kwenda.

Baada ya kushuka rasmi, kilichobaki kilivunjika. Mechi tatu za mwisho nyumbani waliruhusu mabao 16. Aprili 12 Aston Villa wakashinda 6-0. Kuna bao moja la mechi ile ambalo ningeonyesha darasani. Carroll ameutoka mstari wake kuupiga mpira mbali, mpira unamwangukia Stiliyan Petrov zaidi ya yadi 40 kutoka langoni, na Petrov anaupiga palepale, unapita juu ya kila mtu hadi wavuni. Usimtazame Petrov. Watazame watu wenye jezi nyeupe. Hakuna anayemkimbilia anapojiandaa. Si uvivu, ni watu ambao wameshajua mpira unaenda wapi.

Aprili 28 Arsenal wakafunga sita, 6-2. Adebayor aliingia kipindi cha pili na bado akapata hat triki yake ya pili ya msimu dhidi ya Derby, mchezaji wa kwanza wa Ligi Kuu kuipiga timu moja hat triki nyumbani na ugenini msimu mmoja. Siku hiyohiyo Earnshaw, yule wa pauni milioni 3.5, alipata bao lake pekee la ligi. Aprili 28. Kumtupia lawama ni rahisi, ila mshambuliaji anayeishi kwa mipira ya ndani ya boksi, kwenye timu isiyofika ndani ya boksi, atafunga nini? Mfungaji bora wa ligi wa Derby msimu huo ni Miller, mabao manne.

Pointi 11 zilitoka wapi

Ukizigawa zile pointi utaona jambo. Nne zilitoka kwa Newcastle, ushindi na sare. Mbili kwa Fulham, sare mbili. Tano zilizobaki ni sare moja moja na Portsmouth, Bolton, Manchester City, Birmingham na Sunderland. Ugenini hawakushinda hata mara moja. Davies alivuna sita kwa mechi 14, Jewell tano kwa mechi 24.

Na zile mbili za Fulham zilikuja kuwa na uzito ambao hakuna aliyeujua siku ile ya Machi 29. Mei 11, siku ya mwisho, Reading walikwenda Pride Park wakihitaji ushindi ili wabaki. Wakashinda 4-0. Lakini Fulham nao walishinda kwa Portsmouth, wote wawili wakamaliza na pointi 36, na Fulham wakapona kwa tofauti ya mabao. Reading walichukua pointi zote sita kwa Derby, wakashuka. Fulham walichukua mbili tu, wakabaki. Birmingham, waliodondosha pointi mbili kwenye sare yao na Derby mwezi Februari, walishinda 4-1 siku hiyo ya mwisho na bado wakashuka kwa pointi moja. Derby hawakuwa na uwezo wa kujiokoa wenyewe, ila sare zao chache ziliamua hatima ya wengine.

Mashabiki wao nao wanastahili kuandikwa. Pride Park inaingiza watu wasiozidi 34,000, na wastani wa msimu huo ulizidi 32,000. Huo ni msimu wenye ushindi mmoja. Wale wa Aprili walikuwa wanalipa nauli na kuacha kazi zao kwenda kutazama timu iliyokwisha kushuka ikifungwa sita, na wiki iliyofuata wanarudi. Nimejaribu kutafuta klabu nyingine iliyoburuza mkia namna hiyo huku uwanja umejaa, na sijaiona ya kulingana nayo.

Mwaka 2025 Southampton walishuka zikiwa zimebaki mechi saba, wakaipita Derby kwa hesabu ya mechi ingawa si kwa tarehe. Kwa pointi walinusurika kwa moja: wakamaliza na 12.

Championship ilipoanza Agosti 2008 wengi waliamini kwamba sasa mambo yatatulia. Derby wakafungwa 1-0 na Doncaster nyumbani, wakatoka sare na Bristol City, wakafungwa na Southampton, wakatoka suluhu na Barnsley. Septemba 13, palepale Pride Park, wakaifunga Sheffield United 2-1. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa ligi wa Jewell, miezi tisa na nusu tangu aajiriwe, na ulikuja siku nne kabla ya kutimia mwaka tangu lile bao la Miller. Kati ya ushindi mmoja na mwingine zilikuwa zimepita mechi 36 za ligi.